Tarehe iwe ya kuzima, si ya kuwasha

Anayetaka kujua watu wa mifumo ya kompyuta hapa Dodoma wanahangaika na nini, akakae saa saba mchana kwenye mgahawa wowote wa kule Mtumba, Mji wa Serikali, asikilize meza za jirani. Siku hizi neno ni moja: ramani. Wenyewe huiita rodimapu. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa mjini hapa Julai 17, 2025, utekelezaji wake ukapangwa kuanza Julai 2026, na sasa kila mwenye mfumo, wa umma au wa kampuni binafsi, anaulizwa mfumo wake unaelekea wapi. Swali ni zuri. Majibu ndiyo yananitia shaka. Ramani nilizoonyeshwa mwaka huu zinafanana kama watoto wa tumbo moja: jedwali la Excel, huduma zitakazoongezwa zimepangwa kushoto, robo za mwaka zimepangwa juu, visanduku vimepakwa kijani, na kila mstari unaishia na mwezi na mwaka. Mmoja wa mistari hiyo ulisema akili unde (AI) itaingizwa kwenye mfumo Desemba 2028. Nilimuuliza mwandishi wake itafanya kazi gani. Akanijibu kwamba hilo litajulikana wakati huo.

Jedwali la namna hiyo ni daftari la madeni. Ramani ya bidhaa ya kidijitali inatakiwa ieleze tunakwenda wapi, kipi kinatangulia kipi na kwa nini, na yapi hatutayafanya hata tukiombwa. Tarehe nayo ina mahali pake, ila tumeiweka mahali pasipo pake. Kinachokuja kisipewe tarehe mpaka kiwe kimejaribiwa na kinakaribia mlangoni. Kinachoondoka kipewe tarehe mapema, itangazwe kwa sauti, na isiguswe tena. Sisi tunafanya kinyume kabisa. Tunatangaza kwa mbwembwe siku ya kuwasha mambo ambayo hatujui yatakuwaje, halafu tunazima mambo ambayo watu wanayategemea bila hata kuwapa wiki mbili.

Jedwali halikuzuka tu. Mji huu unaishi kwa kalenda ya bajeti. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni nyumba za wageni zinajaa, bei ya chumba inapanda, mawaziri wanasimama bungeni mmoja baada ya mwingine kusoma makadirio, na Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza. Anayeomba fedha za mradi wa TEHAMA lazima aandike shughuli, kiasi, na robo ya mwaka ambayo fedha hiyo itatumika. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, taasisi ya umma inatakiwa pia kuwasilisha mradi wake kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kabla ya kuuanza, utaratibu ambao kwa maoni yangu umepunguza ule mtindo wa kila idara kujijengea kibanda chake. Mtu aliyelelewa ndani ya utaratibu huu, ukimwambia aandike ramani ya mfumo, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye fomu ya bajeti. Anachofanya ni kuinyoosha: miezi kumi na miwili inakuwa thelathini na sita.

Ajabu ni kwamba Serikali hiyohiyo, katika mambo yake makubwa, haipangi hivyo. Inapanga kwa ngazi. Juu kuna Dira, ambayo inasema nchi ifike wapi ifikapo 2050: uchumi wa dola za Marekani trilioni 1 na kipato cha wastani cha dola 7,000 kwa mtu kwa mwaka. Hakuna anayeuliza dola ya elfu saba itaingia mwezi gani. Chini yake kuna Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, unaochagua vipaumbele na mpangilio wake. Chini kabisa kuna bajeti ya mwaka mmoja, na hapo ndipo miezi na shilingi zinapotajwa, kwa sababu mwaka mmoja ni umbali ambao macho ya binadamu yanaweza kuufikia. Kadiri unavyotazama mbali, ndivyo unavyosema machache na kwa upana zaidi. Wenye mifumo wangeiga ngazi hizi tu wangeokoka. Badala yake wamechukua ngazi ya chini kabisa, ile ya shilingi na robo mwaka, wakaitandaza hadi upeo wa macho.

Wanaobeza mipango yote kwa jumla hupenda kutolea mfano mji wenyewe. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na ikakadiriwa kwamba kazi ingekamilika ndani ya miaka kumi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa kwanza wa mji ukatoka 1976 ukiwa umechorwa na wataalamu kutoka Kanada. Miaka kumi ikapita. Bunge likaja kuweka makao hapa 1996. Rais mwenyewe alihamia Oktoba 2019. Miaka kumi ikazaa arobaini na sita, na wacheshi wa vijiweni wakapata kitu cha kuchekea kizazi kizima.

Nikiusoma mfano huo, naona mwelekeo uliosimama na tarehe iliyoanguka. Mji huu ulichorwa kama makao makuu tangu 1976, na wazo lenyewe lilipita mikononi mwa marais kadhaa bila yeyote kulifuta. Kilichowaumiza watu ni namna tarehe ilivyopita, kisha pakawa kama hapakutokea kitu. Mtumishi wa umma wa miaka ya 1990 hakujua aamini lipi: ajenge Dodoma au anunue kiwanja Dar es Salaam? Wengi walifanya la pili, na hakuna wa kuwalaumu. Wizara zikabaki pwani, na kila kikao cha Bunge misafara ya magari ikapanda kuja huku na kushuka tena. Hiyo ndiyo gharama ya mwelekeo unaotangazwa mara moja kisha ukaachwa bila mtu wa kuueleza: watu hawaupingi, wanaishi tu kana kwamba haupo.

Msomaji makini atanishika hapa. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yake itahamia Dodoma kabla ya 2020. Hiyo nayo ni tarehe, na ikatimia. Kweli. Lakini angalia kilichoifanya iaminike. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huohuo, miezi miwili tu baada ya tamko. Makamu wa Rais akafuata Desemba 2017. Rais akaja mwishoni. Watu walijua nani anatangulia nani, na wa kwanza walimwona kwa macho akishusha mizigo. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka huohuo. Ningesema ule mpangilio, pamoja na hatua ya kwanza iliyoonekana mapema, vilifanya kazi kubwa kuliko mwaka uliotajwa. Na kuna jambo jingine ambalo mwenye programu ya simu hana: aliyetamka alikuwa na uwezo wa kuamuru lori zipakie. Meneja wa bidhaa mwenye watengenezaji watano, wawili kati yao wakiwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hana lori la kuamuru.

Sasa nizipime hoja za wanaozitetea tarehe, kwa sababu baadhi ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni uwajibikaji. Bila tarehe, wanasema, mkandarasi atajificha nyuma ya neno mwelekeo, atakula fedha, na kila ukimuuliza atakwambia bado tunaelekea. Nimewaona wa aina hiyo. Lakini tarehe ya kuwasha huduma haimbani mtu mwenye nia hiyo, inamfundisha ujanja. Akiahidi moduli, yaani sehemu ya mfumo, ya malalamiko Machi, Machi ataleta ukurasa wenye kitufe kilichoandikwa Malalamiko, ambacho ukikibonyeza ujumbe unaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Ametimiza tarehe. Kisanduku kinapakwa kijani. Ungemtaka apunguze idadi ya wananchi wanaolazimika kufika dirishani kwa ajili ya malalamiko hayohayo, kitufe peke yake kisingemwokoa. Uwajibikaji mzuri unauliza kilichobadilika kwa mtumiaji, na swali hilo linaweza kuulizwa kila robo mwaka bila kutaja jina la moduli hata moja.

Hoja ya pili inahusu kutegemeana. Kwa miaka kadhaa agizo kwa taasisi za umma limekuwa mifumo isomane: wa ardhi usome wa vitambulisho, wa vitambulisho usome wa vizazi na vifo, na kadhalika. Mfumo wangu ukisubiri data kutoka kwako, nitapangaje bila kujua lini utafungua mlango? Hapa nakubali zaidi ya nusu. Anayesubiri anastahili kupewa kitu cha kushika. Ila kwa uzoefu wa kazi hii, anachohitaji mapema ni umbo la mlango: data itakuja kwa muundo gani, sehemu zipi ni za lazima, nani ana ruhusa ya kuiona, hasa sasa ambapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akilijua umbo hilo, anaweza kujenga upande wake akitumia data ya majaribio. Siku ya kufungua inaweza kutajwa wiki chache kabla, mlango ukiwa umeshajaribiwa. Aliyepewa tarehe bila umbo hana cha kufanya isipokuwa kusubiri, na tarehe ikiteleza, wote wawili wanateleza.

Hata walio na fedha nyingi kuliko sote hawajaiweza tarehe ya mbali. Microsoft iliuonyesha ulimwengu mfumo wake uliopewa jina la Longhorn Oktoba 2003, ukiwa na orodha ya maajabu. Agosti 2004 kampuni ikakiri kwamba lazima ipunguze, na njia mpya ya kuhifadhi mafaili, iliyokuwa imepigiwa debe kuliko vingine, ikaondolewa. Bidhaa ilipofika kwa wanunuzi wa kawaida Januari 2007 ikiitwa Windows Vista, ililinganishwa na ahadi za 2003 na kuonekana pungufu. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Tarehe inalifanya deni hilo liwe na siku ya kukomaa, na mwenye kudai hasahau.

Kutoka upande wa pili kuna wanaosema ramani isionyeshwe kabisa. Wenye maduka huogopa kwamba mshindani ataiba wazo, au kwamba wateja wataacha kununua cha leo wakisubiri cha kesho. Mfano unaotajwa sana ni kampuni ya Osborne ya Marekani, iliyouza kompyuta ya kubebeka kuanzia 1981, ikaanza kuzisifia kompyuta zake zilizokuwa bado hazijatoka, mauzo yakaporomoka, na Septemba 1983 ikafilisika. Wapo wachambuzi wanaosema chanzo halisi kilikuwa ushindani na usimamizi mbovu. Vyovyote iwavyo, kisa hicho kinawaonya wanaotangaza bidhaa mahususi kabla ya wakati. Hakimkatazi mtu kusema anaelekea wapi. Kuhusu kuibiwa wazo, sina la kusema zaidi ya kwamba mawazo ya mifumo tunayojenga hapa Dodoma yameshaandikwa kwenye hotuba za bajeti ambazo yeyote anaweza kuzisoma.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa na vijana, na kwa kuwa wao ndio watakaokuwa wakijenga mifumo hii hadi 2050, inahitaji jibu. Wanasema zama za kupanga zimekwisha. Akili unde inaandika programu usiku mmoja. Unapanga ya nini mwaka mzima? Halafu wanataja lile azimio la 2001, ambapo wataalamu kumi na saba wa programu walikutana kwenye milima ya Utah na kuandika kwamba wanathamini kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango. Wangelisoma hadi mstari wake wa mwisho wangekuta waandishi wamesema wazi kwamba upande wa pili nao una thamani, ila wa kwanza una zaidi. Kuipenda nyama kuliko mboga hakumaanishi kuzitupa mboga. Na kasi ya akili unde inanisukuma nifikie hitimisho lililo kinyume na lao. Kujenga kulipokuwa kazi ya miezi sita, ugumu wenyewe ulikuchagulia: ulijenga machache kwa kuwa hukuweza mengi. Leo unaweza kujenga kila kilichoombwa, na mfumo unaojibu kila ombi unageuka soko la Majengo siku ya mvua. Kazi iliyobaki kwa binadamu ni kuchagua, na kuchagua bila mwelekeo ulioandikwa ni kumsikiliza aliyepiga kelele mwisho.

Wanaosema mpango bila tarehe si mpango, na wanaosema mabadiliko yanaua mipango, wote wangefaidika wakikaa msimu mmoja na mkulima wa Bahi au Chamwino. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na haitabiriki. Februari inaweza kukatika wiki kadhaa kisha ikarudi kana kwamba haikuondoka. Mkulima huyo haandiki Desemba 12 kwenye ukuta. Lakini muulize atakwambia shamba lipi linasafishwa kwanza, wapi unakwenda uwele na wapi mtama, mvua ikishika afanye nini siku ileile, ikichelewa hadi Januari aache zao lipi. Mpangilio anao, masharti anayo, na ana orodha ya asichopanda. Mahindi, kwa mfano, kwenye ardhi yake ya kichanga, hata jirani akimcheka. Siku anaijua ikifika. Kama hilo si mpango, basi sijui bibi zetu waliishije huku.

Nirudi kwenye tarehe za kuzima, kwa kuwa upande huu unazungumzwa kidogo mno. Tunao uzoefu mkubwa wa jambo hili nchini na hatuutumii. Mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa kwa awamu: Dar es Salaam Desemba 31, 2012, kisha Dodoma na Tanga mwezi mmoja baadaye, kisha miji mingine. Palikuwa na manung'uniko, hasa juu ya bei ya king'amuzi. Lakini mwenye runinga Chang'ombe ya hapa Dodoma alijua siku, alijua atazame wapi, na aliona Dar es Salaam ikitangulia ikabaki hai. Tarehe ile ilimpa nafasi ya kudunduliza. Tofauti na tarehe ya kuwasha, ambayo inamwomba mtu asubiri, tarehe ya kuzima inamwomba atende, na mtu hawezi kutenda bila siku. Ndiyo maana inastahili uzito wote ambao tumekuwa tukiupoteza kwenye ahadi.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole unaonyesha ugumu wake. Siku ya mwisho ilikuwa Desemba 31, 2019. Foleni za vitambulisho vya Taifa zilikuwa zimefurika, wengi hawakuwa na namba, na siku zikaongezwa 20, hadi Januari 20, 2020. Kibinadamu lilikuwa jambo sahihi. Kuwazimia simu watu ambao walipanga foleni na hawakuhudumiwa kungekuwa uonevu. Lakini kila tarehe inayosogezwa inazifundisha zinazofuata kutokuaminiwa. Hata lugha ya programu ya Python, inayosifiwa kwa nidhamu, ilisogeza mwisho wa toleo lake la pili kutoka 2015 hadi Januari 1, 2020, kwa kuwa watumiaji wake walikuwa hawajahama. Iliposogeza mara ile moja, ikatoa miaka mitano mizima, kisha haikugusa tena. Usisogeze kwa wiki mbilimbili. Na kabla ya kuitangaza tarehe, kagua kama walioambiwa wahame wana njia ya kuhamia.

Mimi mwenyewe nimekosea pande zote mbili, tena kwa bidhaa ileile. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye timu ndogo iliyotengeneza programu ya simu kwa wanunuzi wa nafaka wa soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Tuliahidi kwamba hesabu za mizani zitaingia ndani ya programu Juni, kabla soko halijachangamka. Zikaingia Septemba. Mnunuzi mmoja, mama ambaye alikuwa ametuamini kuliko wengine, alikuwa amemwachisha kazi karani wake mwezi Mei. Alihesabu magunia mwenyewe msimu mzima, kwa daftari na kalamu, usiku. Mwaka uliofuata, tukiwa tumejifunza kutoahidi, tuliizima ile menyu ya kubonyeza namba kwa simu za kitochi bila kumwambia mtu, kwa kuwa takwimu zetu zilionyesha wanaoitumia ni wachache. Wachache hao walikuwa madalali wa vijijini wanaomletea yule mama mzigo. Simu zao zikawa zinajibu kwamba namba si sahihi, siku ya soko.

Ukizichukua hoja hizi hadi kwenye karatasi za zabuni, zinadai mabadiliko ambayo hayatawafurahisha wahasibu. Mkataba wa mfumo ungetaja matatizo ya kupunguza na kipimo chake, ukaacha majina ya moduli yabadilike kila robo kwa maandishi ya pande zote mbili. Ungetenga fedha, kiasi si kikubwa, za kuwahamisha watumiaji kutoka cha zamani; karibu kila mkataba niliousoma una fedha za uzinduzi, fulana na kofia zikiwemo, na hauna hata shilingi ya kuzima. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ulipohama kutoka mfumo wa mtandaoni wa TANePS kwenda mfumo mpya wa NeST, maelfu ya wazabuni walilazimika kujifunza na kujisajili upya, na kazi ya namna hiyo ni mradi kamili wenye bajeti yake, hata kama haimo kwenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe.

Na mwelekeo wenyewe uandikwe mahali ambapo mtumiaji anafika, kwa Kiswahili cha mtu aliyesimama sokoni. Ukurasa mmoja unatosha. Useme tunashughulikia nini sasa, nini kinafuata na kinasubiri sharti gani, nini tumekataa na kwa nini. Kipengele kikihama nafasi, kiachwe kimeandikwa kwamba kimehama, pamoja na sababu; kimya cha kati ya 1983 na 2016 juu ya kuhamia Dodoma kisirudiwe kwenye skrini. Hiyo sehemu ya tuliyokataa ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika. Wakubwa hawaipendi, kwa kuwa kila kilichokataliwa kina mtu aliyekiomba, na mara nyingi mtu huyo ana ofisi kubwa. Nimeona ukurasa mzuri ukikaa miezi minne kwenye dawati la mkurugenzi kwa sababu ya mstari mmoja wa hapo.

Sisi wa Kibaigwa tuliurudisha ule mlango wa simu za kitochi, kisha mwaka huu tukaamua kuufunga tena, safari hii kwa heshima. Tulipanga kuufunga Juni 30, saa sita usiku, mwisho wa mwaka wa fedha, ili hesabu zetu zifungwe safi. Kabla ya kutangaza nilikwenda sokoni, nikamkuta yule mama amekaa juu ya magunia, nikamweleza. Akaniuliza kama nimewahi kuona Kibaigwa mwezi wa Juni. "Mwanangu, hapo mahindi ndiyo yanaanza kuingia. Nyie mnafunga vitabu, sisi tunafungua maghala. Sogezeni hadi Oktoba, madalali wakiwa wamelipwa na wana hela ya kununua simu nyingine." Tukaandika Oktoba 31. Mhasibu wetu bado ananung'unika.